Anime ya kutazama na mwanangu naipata wapi?

Jamani, hili la anime, yaani katuni za Kijapani, limenichosha. Nimekaa mkekani na mwanangu wa miaka 10, hadithi ya mapanga na majini imenoga, tuko sehemu ya 4. Ghafla kamera inaacha pambano, inaanza kumkagua mwili mwanamke aliyesimama tu pembeni. Hasemi kitu, hadithi haimhitaji. Natafuta rimoti, kumbe imeingia chini ya mto. Mtoto kimya, mimi kimya.

Na msiniambie nisome lebo. "Shonen" wanayoandika ni Kijapani, maana yake mvulana. Inataja wasomaji wanaolengwa, haisemi kama ndani ni safi. Manga nazo, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, jalada lina paka na mwavuli, ukifika katikati unafunga kitabu haraka.

Kinachoniuma ni kwamba kumbe wanaweza! Mwongozaji wa Kijapani Hayao Miyazaki alitoa filamu ya anime ya Ponyo mwaka 2008: mvulana wa miaka 5, samaki anayetaka kuwa binadamu, bahari inafurika hadi nyumbani. Tuliitazama mara tatu, rimoti iko mezani.

Sasa kila sehemu naiangalia kwanza peke yangu, saa 5 usiku, mtoto akishalala. Mfululizo mmoja una sehemu 24. Nitakesha mpaka lini?