Karatasi Imenitolea Ushahidi

Kama una rasimu yoyote mezani, ndugu yangu, ichome leo. Yangu imeniuza.

Ilikuwa barua tu, tena haijaisha. Niliiandika usiku ule luku ilipoisha saa tatu. Wapangaji sita na mita moja, mnayajua hayo. Nilipofika kwenye "mwenye nyumba naye abanwe na mkataba kama sisi", usingizi ukanichukua. Asubuhi mzee kaja kudai kodi, kaiona chini ya chupa ya chai. Kavaa miwani, ile yenye mkono uliofungwa uzi.

"Hii ndiyo shukrani, bwana mdogo?"

"Shikamoo mzee. Hiyo sijampa mtu."

"Lakini umeiandika."

Hapo nikamkumbuka Algernon Sidney, na heri nisingemkumbuka. Nikasimama uani katikati ya ndoo, taulo kiunoni, nikatoa hotuba. Mzee, Uingereza, mwaka 1683, enzi za Mfalme Charles wa Pili, Sidney kashtakiwa kwa uhaini. Sheria inataka mashahidi wawili, serikali inaye mmoja, Lord Howard. Wa pili akawa nani? Makaratasi yake mwenyewe! Hayajachapwa, hajamwonyesha mtu. Jaji Jeffreys akasema kuandika ni kutenda. Tarehe 7 Desemba wakamkata kichwa.

"Aliandika nini?" Mzee kalegea kidogo.

Mori ukanipanda. Nikamweleza kuwa Robert Filmer alidai wafalme wamerithi mamlaka ya Adamu, kwa hiyo raia ni watoto, wanyamaze. Sidney akamjibu: mtawala huwekwa na watu, na waliomweka wanaweza kumuuliza, hata kumtoa.

"Nyumba hii nimeachiwa na baba yangu."

"Ndiyo hoja ya Filmer hiyo, mzee!"

"Basi Filmer alikuwa na akili. Huyo mwingine alikuwa anadaiwa miezi mingapi?"

Wapangaji wakaangua kicheko. Wapangaji! Niliokesha nikiwaandikia! Mama wa chumba cha pili, anayepiga pasi usiku wa manane kwa umeme wetu sote, kacheka mpaka kaikalia ndoo yangu ya maji. Imepasuka.

Hukumu ya Sidney ilifutwa na Bunge mwaka 1689, kitabu chake kikachapwa 1698. Mimi nimepewa mpaka Ijumaa. Na barua kaondoka nayo, wakati nyuma yake ndiko nilikoandika vitu vya dukani. Sasa nipo hapa kwa Mangi, sikumbuki kama ni maharage nusu au robo.