To the Moon: Nani Alimwomba River Ruhusa?

Mchezo wa video To the Moon ulitoka Novemba 2011, kazi ya Kan Gao na kikundi chake kidogo cha Freebird Games, na mpaka leo wachezaji wanabishana juu ya mwisho wake. Kwa mtu wa Goma una faida zake: unakubali kompyuta kuukuu, si mzito kupakua, na upo kwa Kifaransa, lugha tuliyosomea shuleni. Unaisha kwa saa 4 au 5. Ambaye hajaucheza na anataka kuucheza aishie hapa, maana tunaufungua wote hadi mwisho.

Johnny Wyles ni mzee mahututi, amelala nyumbani kwake juu ya mwamba wa bahari, karibu na mnara wa taa ambao mkewe River aliuita Anya. River amefariki miaka 2 iliyopita. Madaktari wawili wa kampuni ya Sigmund, Eva Rosalene na Neil Watts, wanafika na mashine inayoingia katika kumbukumbu za mtu na kupanda nyingine za uongo, ili afe akiamini kwamba ndoto yake ilitimia. Johnny anataka kwenda mwezini. Akiulizwa kwa nini, ndani ya kumbukumbu zake, hajui.

Mchezaji anarudi nyuma, kutoka uzeeni hadi utotoni, kwa kuwa hamu lazima ipandwe mapema ili ikue yenyewe. Katika kila kumbukumbu unatafuta viungo, mara nyingi 5: mazungumzo, kitu, mahali. Vikitimia, unafungua kitu cha ukumbusho kwa kugeuza vigae vya picha, mstari mzima kwa mara moja, kisha unarukia kumbukumbu ya nyuma yake. Mafumbo ni mepesi. Kosa la wengi ni kubonyeza maneno yapite haraka. Zeituni za chupa, mdoli wa platipasi (mnyama mwenye mdomo wa bata) ambaye River hamwachi, sungura wa karatasi mwenye rangi mbili, bluu na njano: vyote vinaonekana kama pambo, na vyote ni ushahidi. Asiyevishika atalia mwishoni kwa sababu ya muziki wa piano, bila kujua amelilia nini. Jambo jingine: hifadhi kila unapohama kumbukumbu. Umeme ukikatika na betri imechoka, utaanzia pale ulipohifadhi mara ya mwisho.

Siri yenyewe ni hii. Johnny alikuwa na pacha, Joey. Mama yao alimgonga Joey akirudisha gari nyuma. Mtoto aliyebaki akapewa dawa za jamii ya beta-bloka, zile za kutuliza mapigo ya moyo, na utoto wake ukazibwa. Pamoja na Joey ikazama jioni ya tamasha, pale Johnny alipokutana na River kwa mara ya kwanza. Walitazama nyota, wakaunganisha sungura angani, mwezi ukiwa tumbo lake, wakapatana kwamba wakipotezana watakutana mwezini. River hakusahau. Miaka mingi baadaye Johnny anamwungamia kwamba shuleni alimfuata kwa kuwa alionekana tofauti na wengine. Hapo River anatambua kwamba mvulana wa tamasha hayumo tena kichwani mwa mumewe. Hamwelezi. Anaanza kukunja sungura wa karatasi, mmoja baada ya mwingine, na kumwuliza anaona nini. Johnny anajibu kuhusu karatasi na rangi. Wamo chumba kimoja, na kila mmoja ana nusu ya habari.

Sasa Eva anafanya uamuzi unaogawa watu. Katika maisha mapya ya Johnny anamrudisha Joey hai, na anamwondoa River shuleni. Neil anapinga kwa nguvu, hata anajaribu kumzuia. Johnny mpya anakua, anaingia NASA, shirika la anga la Marekani, na humo River anatokea tena. Wanapaa pamoja, wameshikana mikono, na moyo wa mzee unasimama.

Wanaomtetea Eva wana hoja nzito. Mgonjwa aliomba mwenyewe, alitia sahihi, na alichoomba ni mwezi. Akiwa na River tangu shule hakuwa na sababu ya kuutafuta, na mkataba ungevunjika. Amebakiwa na saa chache. Uongo huu hautamfanya akosee njia kesho, kwa kuwa hana kesho. Pia Eva hakubuni kitu kigeni: alirudisha ahadi ya tamasha, ile ambayo dawa ziliiba. Ukitazama hivyo, maisha ya bandia yanakaribia ukweli kuliko yale ya kweli.

Hoja hiyo inatugusa, ila inamhesabu mtu mmoja tu. River alikataa matibabu ili fedha ziende kumalizia nyumba iliyo karibu na Anya. Alikunja sungura mpaka wakarundikana, akingoja mumewe akumbuke. Mwishowe Johnny anapata faraja yote, na River hapati hata neno, kwa kuwa yuko kaburini na yule wa NASA ni picha iliyotengenezwa na kichwa cha Johnny. Goma mtu akifariki, kwenye kilio familia husimama na kutangaza: aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze. Madeni ya namna hiyo hulipika. Deni la Johnny kwa River haliko katika daftari la Sigmund, na hakuna anayeuliza nani alilipe. Sahihi ya Johnny inaruhusu kichwa chake kuguswa. Kumbukumbu ya ndoa ni ya watu wawili.

Tena kuna jinsi River alivyochorwa. Dalili zake zinaelekeza kwenye usonji, ingawa mchezo hautaji jina hilo. Isabelle, rafiki mwenye hali kama yake, amejifunza kuigiza ili afanane na wengine, River amekataa. Hilo limeandikwa kwa heshima kubwa, na mchezo haumponyi kwa nguvu. Hata hivyo tunamwona kupitia macho ya Johnny pekee, hivyo kumwondoa kunakuwa rahisi kuliko kungekuwa kama tungemsikia akiwaza.

Upande wa sayansi, mchezo umezidisha. Propranolol, mojawapo ya beta-bloka, imefanyiwa utafiti kwa watu wenye kiwewe: inalengwa kupunguza ukali wa hofu inayoambatana na tukio, na haifuti tukio lenyewe, sembuse utoto mzima. Kwa upande wa kupanda kumbukumbu za uongo, hali ni nyingine. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus alichapisha jaribio ambamo watu 24 walisimuliwa kwamba walipotea dukani utotoni. 6 wakaamini, kwa ukamilifu au kwa kiasi, na hakukuwa na mashine, ni maneno tu yaliyodaiwa kutoka kwa ndugu. Kwa mji ambao mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati yake na kuteketeza nyumba na vilivyokuwamo, jambo hilo si la kuchezea. Picha zikishaungua, kinachobaki ni masimulizi ya jamaa, na anayesimulia ana uwezo wa kupanda na kung'oa.

Kwa hiyo tunasimama na Neil, ingawa Eva anashinda. Kosa la Eva halimo katika kumdanganya mtu anayekata roho kwa ombi lake. Angemweleza kwanza alichokuta chini ya dawa, akamwuliza: huu ndio mwezi ulioutaka, je, River abaki au aende? Johnny hakuwa na fahamu, kweli, ila mkataba ungeweza kuuliza kabla. Anayetaka kuona swali hilo likibebwa mbele aendelee na Finding Paradise ya mwaka 2017. Mgonjwa wa humo, Colin, anataka maisha yake yarekebishwe bila kumpoteza mke wala mwanawe, na safari hii madaktari wanabanwa na ombi hilo tangu dakika za mwanzo.