Anayepima visima naye ni mtafiti

Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha makala kuhusu maji tunayokunywa hapa Dodoma. Timu iliyoongozwa na Richard Taylor wa University College London, ikiwa na wataalamu wa Kitanzania ndani yake, ilichambua vipimo vya miaka 55 vya kina cha maji ya ardhini Makutupora, penye visima vinavyoulisha mji huu. Ikabainika kwamba msimu wa mvua za kawaida hauongezi kitu cha maana kule chini. Maji hurudi kwa mkupuo, katika misimu michache ya mvua kubwa mno, na mkupuo uliotia fora ni wa El Niño ya 1997/98.

Mimi nang'ang'ania ile miaka 55. Vipimo hivyo vilianza kabla ya Uhuru. Watu walipima kina, wakaandika tarakimu, wakastaafu, wakapokewa na wengine. Sisi wahadhiri tunaandika maandiko ya miradi ya miaka mitatu, mitano ukibahatika, na mfadhili anataka matokeo kabla fedha hazijaisha. Sasa chukua mradi wa miaka mitatu uliofungwa 1996: ungeweza kabisa kusema Makutupora haijazwi na mvua. Ulioanza 1997 ungesema maji ni tele. Yote miwili ingeweza kupita kwa wahakiki wa majarida, maana mhakiki hukagua ulichomletea. Miaka ambayo hukuipima hana namna ya kuiona.

Tuzo ya shilingi milioni 50 ambayo serikali iliianzisha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida ya hadhi ya juu naiunga mkono, na walioipata nawapongeza kwa dhati. Kuchapisha huko si lelemama. (Kulipia makala ili isomwe bure nako ni mzigo: mwaka 2021 Nature na majarida dada yake yalianza kutoza hadi euro 9,500 kwa makala moja.) Lakini fedha hiyo inamkuta mtafiti akiwa amekwishamaliza. Aliyekuwa kisimani miaka yote hiyo haimfikii.

Vyuoni nako ni hivyo hivyo. Ukiomba kupandishwa cheo, yanahesabiwa machapisho. Mhadhiri aliyetunza kumbukumbu za mvua na visima vya Bahi au Chamwino kwa miaka kumi, bila makala, kazi yake haina alama. Wanafunzi wa uzamili wanaliona hilo, wanachagua dodoso la wiki mbili. Siwalaumu hata kidogo.

COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, itenge fungu la kudumu, lisilofungwa na mradi wowote, kwa vipimo vya muda mrefu vya maji, mvua na mavuno ya mtama Kanda ya Kati. Vyuo navyo vihesabu data iliyotunzwa vizuri na kuwekwa wazi kuwa ni chapisho. Tangu uamuzi wa 2016 wa kuhamishia serikali hapa, mji unapanuka na visima vinachimbwa. Kila kisima cha umma kianze kupimwa siku kinapokamilika, na mshahara wa mpimaji uingie kwenye bajeti ileile ya uchimbaji.