Mwandishi wa safu akisema "zamani", muulize mwaka gani

Kuna makala za maoni ambazo msomaji wa gazeti lolote la mji anazijua hata kabla hajamaliza aya ya kwanza. Zinaanza na utoto. Milango ilikuwa haifungwi, majirani walijuana kwa majina, maktaba ya mji ilikuwa wazi mpaka usiku na watoto wamejaa humo. Unasoma huku unatikisa kichwa, na wewe unakumbuka ya kwako. Afu ukifika aya ya tano unakutana na jina la meya wa sasa au chama chake, hapo ndo unashtuka kumbe safari yote ile ya utotoni ilikuwa inakuleta hapa tu. Mi hizi makala nazisoma sana na nazipenda kweli, ndo maana zinaniuma zikitumika kupigia mtu debe.

Nianze na chama, maana ndo kinacholalamikiwa zaidi. Mwandishi wa safu kuwa na chama mi sioni dhambi yoyote. Marekani ya karne ya 19 magazeti mengi yalikuwa ya chama waziwazi, mpaka leo yapo yenye neno Democrat au Republican kwenye jina, na msomaji alikuwa anajua ananunua nini. Na C.P. Scott, aliyekuwa mhariri wa Manchester Guardian, aliandika mwaka 1921 kwamba maoni yawe huru ila ukweli ni kitu kitakatifu, na hilo kwangu linatosha kabisa, mtu aseme anachotaka lakini asiguse kilichotokea. Ukijua mwandishi ni kada unamsoma kama kada, unapima, mnamalizana.

Kutamani enzi zilizopita ni mtihani mwingine, kwa sababu hakuna anayekusoma kama kada ukimsimulia bibi yako. Ulinzi wote unashuka. Na akili ya binadamu yenyewe haina usawa kwenye hili, wanasaikolojia wanajua siku nyingi kwamba mtu mzima ukimwambia akumbuke maisha yake, kumbukumbu nyingi zinarundikana kati ya miaka 10 na 30 hivi ya umri wake. Kwa hiyo mwandishi wa miaka 65 akisema mji ulikuwa unang'aa, mara nyingi anaongelea mji wa wakati yeye ana miaka 20, magoti hayaumi na wazazi wako hai. Mwaka 2023 ulitoka utafiti kwenye jarida la Nature, Adam Mastroianni na Daniel Gilbert walikusanya majibu ya kura za maoni kutoka nchi zisizopungua 60, wakaona watu wamekuwa wakisema maadili yanaporomoka kwa miaka isiyopungua 70, lakini watu haohao wakiulizwa wenzao wanaoishi nao sasa wakoje, majibu hayabadiliki kizazi hadi kizazi. Yaani kila kizazi kinaamini mporomoko umeanza juzi.

Sasa weka hivyo viwili, chama na kutamani ya kale, pamoja uone kinachotokea. Chukua hiyo maktaba. Mwandishi anasema ilikuwa wazi mpaka usiku, leo inafunguliwa siku tatu kwa wiki, tangu hawa waingie madarakani. Sentensi nzuri na kila kipande ukikitazama peke yake ni kweli. Ila inawezekana kabisa bajeti ilikatwa na baraza lililopita, wafanyakazi wakawa wanastaafu mmoja mmoja bila kuajiriwa wengine, na maumivu yakaonekana miaka miwili baadaye wakati kiti kina mtu mwingine. Neno "tangu" ndo limefanya kazi yote hapo, na mhariri aliyekagua kila jina na kila herufi amelipita kwa sababu halionekani kama dai, linaonekana kama kumbukumbu. Na ukimbana mwandishi atakwambia kwa moyo safi kabisa kwamba hajataja chama, amesimulia tu.

Lakini ngoja, upande wa pili nao una hoja nzito, na wanaowacheka wazee wanaoandika hivi wanakosea sana. Marekani peke yake imepoteza magazeti zaidi ya 2,500 tangu 2005, na pale yalipobaki mara nyingi chumba cha habari kina watu wachache, vijana, wanaokaa muda mfupi wanahama. Mwenye safu anaweza akawa ndo mtu pekee kwenye jengo zima anayekumbuka kwamba baraza liliahidi ule uwanja wa wazi hautajengwa kamwe. Akiandika "nakumbuka tuliambiwa hivi" anafanya kazi ambayo hakuna kumbukumbu ya kompyuta itaifanya kwa hiari yake. Na wanaopaka neno "maendeleo" kila mahali nao wana ushabiki wao, mtu akikumbusha ahadi wanamwita mpenda ya kale ili wasijibu swali, kesho yao nayo haina tarehe kama ilivyo jana ya mwenzao.

Kuna kitu kilifanyika Palm Springs, California, nakifikiria mara kwa mara. Gazeti la hapo, The Desert Sun, Julai 2019 liliondoa siasa za kitaifa kwenye ukurasa wa maoni kwa mwezi mzima. Watafiti watatu, Joshua Darr, Matthew Hitt na Johanna Dunaway, wakalinganisha wakazi wa hapo na wa mji mwingine wenye gazeti ambalo halikubadilisha kitu, wakakuta uhasama wa kivyama pale Palm Springs umekua polepole zaidi. Haukuisha, ulipunguza mwendo. Na nafasi iliyobaki wazi ikajaa mambo ya mji wenyewe, barabara, magari, na kuhifadhi majengo ya zamani. Majengo ya zamani! Chama cha kitaifa kimetoka ukurasani, mapenzi ya kale yamebaki na hayajamgombanisha mtu kama mwanzo, kwa hiyo mi naona kupenda ya kale siyo ugonjwa wenyewe.

Ila sitaki kusema kila gazeti lifanye hivyo daima. Hela nyingi za mji zinaamuliwa juu, na ukimkataza mwandishi kutaja chama unaweza ukawa umemkataza kusema nani alipiga kura ya kukata ile bajeti ya maktaba, hiyo nayo ni kumficha mtu. Bora mhariri ampigie simu mwandishi amuulize mwaka. Mwaka gani maktaba ilikuwa wazi mpaka usiku, nani alikuwa barazani, na wewe mwenyewe ulikuwa na kazi gani kwenye kampeni, iandikwe chini ya jina lako. Akishaweka 1994 pale kwenye "zamani", lazima kuna mtu aliyekuwa hapo 1994 atakayeandika barua kusema hapana, mwaka huo tulikuwa tunafungiwa saa kumi na moja jioni, kadi yangu ya maktaba ninayo. Na hiyo barua ichapwe ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile.