Nani Atamshikia Muuguzi Wodi Akale?

Muuguzi akisema anataka kupunguza uzito, jibu la kwanza analopewa ni lile ambalo yeye mwenyewe huwapa wagonjwa kutwa: punguza sukari, ongeza mboga, fanya mazoezi. Wanaomjibu hivyo wana nia njema, lakini wanampa kitu alichonacho tele. Anajua kusoma kipimo cha sukari, anajua shinikizo la damu likipanda linaharibu nini, na amewafundisha watu wengi namna ya kupanga sahani. Anachokosa ni mtu wa kumsaidia kuyatekeleza hayo katikati ya maisha ya zamu. Kwa maoni yangu msaada huo unapaswa kuanzia wodini kwenyewe, kabla haujatafutwa kwingine kokote.

Aliyewahi kuingia usiku anajua chakula kinavyoliwa huko. Ni saa tisa usiku. Dripu ya kitanda cha mwisho inakaribia kuisha, mgonjwa aliyetoka upasuaji anatakiwa kupimwa tena baada ya dakika 15, na kengele inalia upande wa pili. Kwenye meza ya wauguzi kuna pakiti ya biskuti iliyofunguliwa. Unachukua mbili ukiwa umesimama, kalamu ingali mkononi, unazisukuma kwa chai iliyopoa, unaondoka. Baada ya muda unapita tena, unachukua nyingine. Chakula ulichojiandalia nyumbani kimo ndani ya mkoba, mkoba umo kabatini, na hakijaguswa tangu jioni. Asubuhi ukishakabidhi zamu njaa inakuuma kwelikweli, unakula kingi kwa mara moja, unalala na shibe, na usingizi wenyewe wa mchana ni wa kukatikakatika.

Mwili nao una hesabu zake. Usingizi ukipungua, homoni ya njaa iitwayo grelini hupanda, na leptini, inayouambia ubongo kwamba tumeshiba, hushuka. Saa ya ndani ya mwili nayo inachangia: chakula kilekile kikiliwa usiku, sukari kwenye damu hupanda zaidi kuliko kingeliwa asubuhi. Wauguzi wenyewe ndio waliosaidia kuyathibitisha mengi ya mambo haya. Kule Marekani kuna utafiti mkubwa wa afya ya wauguzi ulioanza mwaka 1976, ukaongezewa kundi la pili mwaka 1989. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 kutokana na makundi hayo mawili, wanawake zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba kadiri miaka ya kupokezana zamu za usiku inavyoongezeka, ndivyo hatari ya kupata kisukari aina ya 2 inavyoongezeka, na sehemu ya hatari hiyo inapitia kwenye uzito. Kwa hiyo nikimsikia msimamizi akisema muuguzi fulani amenenepa kwa kukosa nidhamu, naumia. Ratiba aliyompangia inahusika.

Msaada ninaouweka mbele ya yote ni mdogo kwa kuutazama. Ni mwenzako kukwambia, "Dada, nenda kakae ule, wagonjwa wako ninao mimi," na wewe ukaenda, ukakaa, ukala chakula chako hadi mwisho bila kuitwa. Wodi nyingi huuachia utu wa mtu, na hapo ndipo unapoharibika. Mwenye aibu hasemi kwamba hajala. Mgeni anaogopa kuonekana mvivu. Nataka jambo hili liandikwe kwenye ratiba: fulani anashikilia vitanda vya fulani kuanzia saa hii hadi saa hii, na msimamizi naye awe na wa kumshikia, maana asipokula yeye, walio chini yake watadhani kukaa na kula ni kosa.

Tukipata hapo tunaweza kuzungumza juu ya zamu zenyewe. Kumtoa mtu usiku, kumrudisha asubuhi, kisha kumpeleka jioni ndani ya juma moja kunamfanya ashindwe kujenga mazoea yoyote, ya kula, ya kulala au ya kutembea. Ratiba ikitolewa mapema, mtu anaweza kupata hata mwenzake wa kufanya naye mazoezi, aliye na siku za mapumziko zinazofanana na zake. Ikitolewa usiku wa kuamkia zamu, hakuna mpango unaosimama. (Wapo wanaosema muuguzi anatembea kutwa nzima, mazoezi ya nini tena. Kutembea kwa kukatizwa kati ya kitanda na kitanda kunachosha miguu, lakini hakuchukui nafasi ya mazoezi ya mfululizo yanayopandisha mapigo ya moyo.)

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa kada hii hatulizungumzi vya kutosha. Wahenga walisema mganga hajigangi, na wauguzi tunaendelea kujaribu. Tunamsimamisha daktari koridoni, tunamweleza shida kwa dakika mbili, anatutajia dawa, basi. Hakuna faili lililofunguliwa, hakuna aliyepima chochote, hakuna tarehe ya kurudi. Na uzito una sababu nyingi ambazo koridoni hazionekani: tezi ya shingo inayofanya kazi polepole kupita kawaida, dawa za steroidi, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, matatizo ya homoni za uzazi. Siku hizi zimeingia pia sindano za semaglutide, dawa ya kupunguza hamu ya kula na uzito, na anayefanya kazi jirani na stoo ya dawa hushawishika kirahisi kuanza mwenyewe. Zinasaidia watu wengi, lakini zinahitaji kupandishwa dozi polepole chini ya uangalizi wa mtu anayekufuatilia. Muuguzi awe na daktari wake, ikiwezekana nje ya wodi yake, anayemwona kama mgonjwa, mwenye faili na miadi.

Kufuatiliwa kuna nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya mpango wa kuzuia kisukari nchini Marekani. Watu waliokuwa hatarini waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, ilhali waliopewa dawa ya kisukari iitwayo metformini ilipungua kwa asilimia 31. Kilichonigusa ni namna walivyosaidiwa: kila mmoja alikuwa na mshauri wake, wakianza na masomo 16 ya ana kwa ana. Hakuna aliyepewa kipeperushi akaambiwa ajitahidi.

Kwa upande wa haki, Mkataba wa Kazi ya Usiku Na. 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi wa usiku akiomba ana haki ya kupimwa afya bila malipo na kupewa ushauri wa kupunguza madhara ya kazi hiyo. Si kila nchi imeuridhia, lakini hata pale ambapo haujaridhiwa ni msingi mzuri wa kuanzia mazungumzo na mwajiri.

Na maneno ya wodini yakome. "Sare imeanza kukubana," huambiwa mtu mbele ya wagonjwa, na watu wakacheka. Nimeona wenzangu wakiacha kupanda mizani kabisa kwa sababu ya sentensi kama hiyo. Anayetaka kupungua akisema mwenyewe, asikilizwe, aulizwe anataka asaidiweje. Asiposema, mwili wake usiwe mada.

Ushauri wangu kwa mnaotaka kuanza: msiende kwa msimamizi mmojammoja. Kaeni watu wa zamu moja, andikeni barua fupi, wekeni saini wote, pamoja na wale ambao uzito hauwasumbui, kwa kuwa nao wanakula wamesimama. Ombeni mambo mawili tu: majina ya wanaoshikiliana wodi wakati wa kula yaingie kwenye ratiba ijayo, na ratiba yenyewe ibandikwe wiki mbili kabla.