Kuanzishiwa uchungu: kabla ya kuuliza lini, uliza mlango wa kizazi ukoje

Tarehe ya kujifungua ikishapita, simu hazipumziki. "Bado tu?" anauliza shangazi. Siku mbili baadaye ni jirani. Mama mwenyewe miguu imevimba, usingizi umemkimbia, na anaanza kujiona kama kuna kitu anakikosea. Kliniki inayofuata daktari anataja kuanzisha uchungu, na hapo ndugu wanagawanyika: hawa wanasema mtoto atoke akitaka mwenyewe, wale wanasema asikae humo hata siku moja zaidi. Kila upande una hoja, ila wote wanaiamini mno ile tarehe.

Tarehe hiyo ni hesabu ya siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kana kwamba mizunguko ya wanawake wote inafanana. Watoto wanaozaliwa siku ileile iliyoandikwa ni kama 4 au 5 katika kila 100. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache tu. Inayopigwa mimba ikiwa kubwa inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Aliyeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi saba akaambiwa "umepitiliza" ana haki ya kuuliza: nimepitiliza kwa kipimo kipi?

Wanaotaka kusubiri huanzia kwenye mwili, na hapo wana nguvu. Uchungu hauji ghafla kama unavyoonekana. Kwa wiki kadhaa mji wa mimba unajiandaa kimyakimya. Misuli iliyokuwa ikitulizwa na homoni ya projesteroni inaacha kuitii, vipokezi vya oksitosini, homoni inayoukaza mji wa mimba, vinaongezeka, na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini zinailainisha shingo ya kizazi, yaani ule mlango anaotokea mtoto. Mtoto naye ana sauti yake. Graham Liggins wa New Zealand alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba kwa kondoo ni tezi za mtoto mwenyewe zinazoanzisha safari, na utafiti wa panya wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa protini inayotoka kwenye mapafu yaliyokomaa inaweza kuchochea uchungu. Kwa binadamu mambo yamefumwa kwa ugumu zaidi, lakini maandalizi yapo, na mkunga anayagusa kwa vidole. Shingo isiyo tayari ni ngumu kama ncha ya pua. Iliyo tayari ni laini kama midomo. (Jiguse, utaelewa mara moja.)

Mwaka 1964 daktari Edward Bishop aliyageuza mambo haya kuwa alama: mlango umefunguka kiasi gani, una urefu gani, ni laini au mgumu, umeelekea wapi, na kichwa kimeshuka hadi wapi. Alama zikiwa nyingi, kuanzisha ni kama kusukuma gari lililo kwenye mteremko. Zikiwa chache, safari ni ndefu, na hilo ndilo wajawazito wengi hawaambiwi. Wanafikiri watatundikiwa dripu asubuhi na kushika mtoto jioni. Kumbe mlango mgumu hulainishwa kwanza, kwa dawa ya misoprostoli ya dozi ndogo au kwa puto. Mpira mwembamba hupitishwa kwenye mlango, puto hujazwa maji, na mkia wa mpira hubandikwa pajani kwa plasta. Mama hutembea nao hivyo kwa saa nyingi, mpaka puto lianguke lenyewe, labda akiwa njiani kwenda msalani, ndipo ajue mlango umeanza kukubali. Kupasua chupa na dripu ya oksitosini bado viko mbele yake. Dripu nayo inataka uangalizi: mji wa mimba ukijikaza mfululizo bila kupumzika, hewa ya mtoto hupungua. Na kwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, misoprostoli huepukwa kwa sababu kovu linaweza kuachia.

Upande wa pili hauna maneno mazuri ya maumbile, una takwimu. Baada ya wiki ya 40 hatari ya mtoto kufia tumboni bado ni ndogo, lakini inapanda, na mwinuko wake unakuwa mkali kadiri wiki ya 42 inavyokaribia. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2019 uliwagawa wanawake 2,760 kati ya kuanzishiwa wiki ya 41 na kungoja hadi ya 42. Ulisimamishwa kabla ya muda: walioanzishiwa hawakupoteza mtoto hata mmoja, waliongoja walipoteza sita. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, yalikadiria kuwa wanawake 544 wangeanzishiwa ili kuzuia kifo kimoja. Ukiwa mtu wa takwimu, 544 ni wengi. Ukiwa mama wa yule mmoja, ni hesabu nyingine kabisa.

Ile imani kwamba kuanzishiwa lazima kuishie kwa kisu pia imetikiswa. Jaribio la Marekani la mwaka 2018, wanawake zaidi ya 6,000 wenye mimba ya kwanza isiyo na tatizo, liliona upasuaji asilimia 18.6 kwa walioanzishiwa wiki ya 39, dhidi ya 22.2 kwa waliosubiri. Sichukui hilo kama amri. Wengi walioombwa kushiriki walikataa, na walioanzishiwa walikaa chumba cha kujifungulia muda mrefu zaidi. Katika hospitali yenye mkunga mmoja usiku kucha, muda huo wa ziada si jambo dogo.

Kwa hiyo mimi, wiki ya 39 naona ni uchaguzi wa mama, asishinikizwe na yeyote. Wiki ya 41 yenye tarehe ya uhakika, naegemea kuanzisha, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza. Presha ya mimba ikipanda au mtoto akipunguza kucheza, mjadala huu haupo; nenda saa hiyohiyo, usingoje kliniki. Na ukikubali tarehe ya kulazwa, uliza mambo mawili ukiwa bado umevaa viatu: alama za mlango wangu ni ngapi leo, na uchungu ukigoma kuanza, nani atakuwepo usiku wa kunipasua?