Macho yanayochezacheza kwa mtoto mwenye ualbino: kisu au miwani?

Karibu kila mtoto mwenye ualbino ana macho yanayochezacheza, hali iitwayo nistagmasi. Huanza kuonekana kabla ya miezi 6. Mzazi akisikia kuna operesheni, hutaka kujua kama mwanawe afanyiwe.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Mara nyingi kuna upande ambao mtoto akiuelekeza macho, mtikisiko hupungua. Ndiyo maana husoma akiwa amegeuza shingo. Operesheni ya Kestenbaum-Anderson huhamisha misuli minne, miwili kila jicho, ili utulivu huo uje mbele na shingo inyooke. Zipo pia gabapentini na memantini, dawa zinazopunguza mtikisiko.

Hata hivyo, katika ualbino mtikisiko si chanzo pekee cha uoni hafifu. Sehemu ya kati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ile inayotambua vitu vidogo, haikukomaa, na kuhamisha msuli hakuikomazi. Kwa hiyo nafuu ya kuona huwa ndogo, ilhali mtoto amepigwa nusu kaputi na huenda akabaki na kengeza, au shingo ikarudia kupinda. Dawa nazo huleta usingizi, na zikiachwa mtikisiko hurudi.

Tunasema aanze na miwani, tena ipimwe sawasawa. Kosa la kawaida ni kuziba jicho moja: kwa wengi wa watoto hawa mtikisiko huongezeka papo hapo, na kipimo hutoka kibaya kuliko hali halisi. Jicho lisilopimwa litiwe ukungu kwa lenzi ya chanya, yaani lione kwa ukungu bila kuzibwa, kisha macho yote mawili yapimwe pamoja, shingo ageuze apendavyo. Darasani, anayegeuzia uso kulia hutazama kushoto, basi akae mbele, upande wa kulia, ubao uwe kushoto kwake. Mwalimu asimlazimishe kunyoosha shingo! Kisu kifikiriwe pale shingo inapopinda sana, takriban nyuzi 20 na zaidi, hata akiwa na miwani.

Kwa mtu mzima aliyeanza ghafla kuona vitu vinayumba, kusubiri ni hatari. Huenda ni kiharusi, dawa za kifafa fenitoini au kabamazepini iliyozidi, au upungufu wa vitamini B1 kwa mlevi, ambaye huchomwa B1 kabla ya kutundikiwa glukosi. Mtoto naye ambaye jicho moja tu linacheza, huku kichwa kikitikisika, apigwe picha ya MRI ya ubongo: uvimbe kwenye neva ya jicho huweza kujionyesha hivyohivyo.